Kifundo kimeteguka mara ya tatu, mguu uleule: niache mpira?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 34 na kila Jumamosi nacheza mpira na wenzangu. Wiki 3 zilizopita niliruka kupiga kichwa, nikatua juu ya mguu wa mwenzangu, kifundo cha kulia kikapindukia ndani. Nilisikia kitu 'tap'. Hii ni mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja na nusu, mguu uleule. Eksirei imeonyesha mfupa ni mzima. Nyumbani nimekandwa kwa maji moto tangu usiku wa kwanza, na mzee mmoja anayejua kuchua amenivuta mguu mara mbili; ya pili nusura nizimie. Uvimbe umepungua na natembea, ila nikishuka ngazi nashika ukuta, na penye mawe napaogopa. Bandeji ya kuvutika nafunga kutwa. Kuna wanaoniambia ligamenti ikishakatika haiungi, nichomwe sindano au nipasuliwe. Mke wangu anasema niache mpira kabisa. Nifanyeje?"

Pole sana, ndugu yangu, na ahsante kwa kueleza kwa kina. Ulivyotaja jinsi ulivyotua, upande uliopinduka na mahali unapoogopa kukanyaga, umenirahisishia nusu ya kazi.

Swali lako lina hofu mbili ulizozisema na moja uliyoipitia juu juu. Ulizozisema ni kwamba kuna kitu kimekatika ndani na hakitaunga, na kwamba mpira ndio umeisha. Ya tatu imejificha kwenye maneno "mguu uleule". Kwa nini uleule? Nitaanza na hiyo, kwa sababu ukishajua kinachokifanya kifundo hicho kirudie, suala la sindano, la kisu na la Jumamosi zako litakuwa jepesi kuamua.

Kaa kwenye kiti, vua soksi, nyoosha mguu wa kulia juu ya kiti kingine. Shika ile nundu ya mfupa iliyo upande wa nje wa kifundo. Telezesha kidole mbele yake na chini kidogo, kama upana wa kidole kimoja. Utaangukia kwenye kishimo laini, na naamini hapo bado panauma ukibonyeza. Chini ya ngozi hiyo inapita ligamenti fupi, urefu wake kama sentimeta 2 tu, inayounganisha mfupa wa nje wa mguu na mfupa wa juu wa wayo. Upande huo wa nje kuna ligamenti 3, na hii ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote. Mtu akipindua mguu kwa ndani, karibu kila mara ndiyo inayochanika kwanza.

Sasa angalia ulivyotua. Ukisimama wayo ukiwa bapa, ule mfupa wa juu wa wayo umebanwa katikati ya mifupa ya mguu kama ulimi wa mbao uliochomekwa kwenye tundu lake. Lakini umbo lake ni pana mbele na jembamba nyuma. Unapotua kutoka hewani vidole vikiwa vimeelekea chini, ni ile sehemu nyembamba iliyo ndani ya tundu. Mifupa inaacha kubana, kiungo kinabaki na nafasi ya kucheza, na kazi yote ya kukizuia inaiangukia ligamenti ya sentimeta 2. Ukikuta na mguu wa mtu chini, tayari. Hukukosea kutua. Ulitua katika mkao ambao kifundo chochote kina udhaifu, na chako kilikuwa na deni la nyuma.

Je, ligamenti ikichanika haiungi? Inaunga. Hili nataka ulishike, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Tofauti na gegedu la magoti, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, ambalo halina damu ya kutosha, ligamenti za upande wa nje wa kifundo zina damu, na hata zilizokatika kabisa nyingi huunga bila kisu. Siku chache za kwanza mwili husafisha eneo. Uvimbe na joto ulivyoviona vilikuwa kazi hiyo. Kisha, kwa muda wa kama wiki 6, hushonwa nyuzi mpya, nyingi lakini zimelala ovyo, kama majani yaliyotupwa shambani. Baada ya hapo huja kipindi kirefu, miezi mingi na wakati mwingine hadi mwaka, ambapo nyuzi hizo zinajipanga kufuata mwelekeo wa mvuto zinaoupata. Ligamenti isiyopewa mzigo haipati wa kuielekeza namna ya kujipanga. Inayovutwa kupita kiasi mapema inaunga ikiwa ndefu. Kwa hiyo tiba nzima ni kutafuta mzigo unaofaa kwa wakati wake.

Na ule mlio wa "tap"? Unatisha, lakini haupimi ukubwa wa jeraha. Nimehudumia waliosikia mlio wakapona mapema, na wasiosikia kitu wakachukua miezi.

Sasa kwa nini mguu uleule. Ndani ya ligamenti, kwenye kifuko kinachozunguka kiungo na ndani ya misuli kuna miisho ya neva isiyohusika na maumivu. Kazi yake ni kuuarifu ubongo kiungo kiko wapi, kimeinama kiasi gani na kinakwenda kwa kasi gani. Ndiyo inayokuwezesha kupanda ngazi gizani bila kuangalia miguu. Mwaka 1965 madaktari wa Uingereza, akiwamo Michael Freeman, waliandika kwamba ligamenti inapochanika mishipa hiyo ya hisia huumia nayo, na kwamba wagonjwa waliofundishwa kusimama juu ya ubao unaoyumba walibaki na vifundo imara zaidi ya wengine. Tangu hapo elimu imepanuka. Tunajua tatizo haliishii kifunduni: ubongo nao hubadilisha jinsi unavyouongoza mguu ulioumia, misuli ya nyonga hushiriki kidogo, na mtu huanza kutua kwa namna nyingine bila kujua. Tafiti hutaja hadi watu 40 kati ya 100 walioteguka mara ya kwanza kuwa hubaki na kifundo kinachoendelea kuwasumbua. Wengi wao ligamenti iliunga. Ila hakuna aliyeufundisha mguu upya.

Kuna jambo la muda ambalo watu wengi hawalijui. Kifundo kinapopinduka uwanjani, jeraha hutokea ndani ya muda ulio chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Misuli ya upande wa nje wa muundi, ile inayoweza kuuvuta wayo urudi nje, ikishtuliwa huhitaji karibu muda huohuo ili ianze tu kukaza. Haiwahi. Ndiyo maana kumwambia mtu "uwe makini" hakumsaidii: umakini unafika mguu umeshapinduka. Kinachookoa ni maandalizi ya kabla, yaani mguu uliokwisha kujikaza vizuri ukiwa bado hewani, kabla wayo haujagusa ardhi. Hayo ubongo unajifunza kwa mazoezi ya kurudiarudia tu, na hausahau haraka ukishajua.

Niliwahi kumpokea mchezaji wa mpira wa wavu, mtu mwenye misuli ya kuonekana, aliyenihakikishia kwamba amepona kwa sababu hasikii maumivu tena. Nilimwomba avue viatu, asimame kwa mguu mzima, kisha afumbe macho. Alikaa zaidi ya nusu dakika. Nikamwomba abadili mguu. Sekunde ya tatu alikuwa ameshanishika bega. Aliuangalia mguu wake kama si wake. Nilimwonyesha kano zilizo juu ya wayo, zilivyokuwa zikirukaruka kama nyuzi za gitaa kila alipojaribu, zikitafuta mahali pa kusimama na kukosa. Maumivu yake yalikuwa yameisha wiki 5 nyuma. Huo ndio mtego uliokunasa mara 2 zilizopita: maumivu yalipoisha ulihesabu umepona, ukarudi uwanjani na mguu usiojua uliko.

Turudi kwa yale uliyofanyiwa. Sitamlaumu mtu, maana wote walitaka upone, lakini sitakuficha.

Maji moto usiku wa kwanza hayakukusaidia. Kiungo kilichochanika muda huo kinavuja damu ndani, na joto hupanua mishipa ikazidi kuvuja. Sasa, wiki ya tatu, maji ya vuguvugu kabla ya mazoezi hayana ubaya na yanalainisha. Kuhusu barafu nako kuna historia. Mwaka 1978 daktari Mmarekani Gabe Mirkin ndiye aliyeeneza fomula ya kupumzika, kuweka barafu, kufunga na kuinua mguu, na dunia nzima ya michezo ikaishika. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alisema kwamba barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona. Ushauri wangu ni wa katikati: barafu hupunguza maumivu, basi. Ukiitumia siku za kwanza, ifunge kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, uitoe. Haiungi ligamenti. Kilichodumu katika ile fomula ni kuinua mguu na kuufunga wakati wa uvimbe.

Kuvutwa mguu ndiko kunakonisikitisha. Nyuma yake kuna imani kwamba kuna kitu kimehama, kikivutwa kinarudi mahali pake. Katika kuteguka kwa aina yako hakuna kilichohama. Kuna nyuzi zilizochanika, zilizokuwa zinajaribu kushikana, na kuzivuta siku zilezile ni kama kufumua mshono kabla uzi haujakazwa. Maumivu yaliyotaka kukuzimisha yalikuwa mwili unakataa. Mzee huyo akitaka kukuchua shavu la mguu na nyayo taratibu, kwa mafuta, ili misuli iliyokakamaa ilegee, mwache, utasikia nafuu. Lakini asikivute wala kukipindua kifundo tena.

Bandeji ya kuvutika unayofunga kutwa imemaliza kazi yake. Ilisaidia uvimbe. Haiwezi kuzuia kifundo kupinduka, na nina wasiwasi unaifunga kwa sababu ya woga zaidi ya haja. Anza kuivua nyumbani.

Sindano. Sijui waliokushauri walikuwa na ipi akilini, ila kwa kawaida wanamaanisha dawa ya steroidi. Hiyo hupunguza uvimbe na maumivu, na pia hudhoofisha nyuzi inapochomwa ndani au karibu na ligamenti inayojiunga. Kwa kifundo kilichoteguka wiki 3 zilizopita siishauri. Mashine ya mawimbi ya sauti nayo, ile ya kupakwa jeli na kusuguliwa, imepimwa katika majaribio mengi juu ya vifundo vilivyoteguka na faida yake imeonekana ndogo mno. Ukienda mahali ukalazwa kwenye kitanda, ukawekewa mashine nusu saa na kurudishwa nyumbani bila kusimama kwa mguu mmoja hata mara moja, hiyo si fiziotherapia unayoihitaji. Nasema hivi nikijua baadhi ya wenzangu hawatafurahi.

Upasuaji una nafasi yake, na naiheshimu. Ule unaotumika zaidi, wa kukaza na kushona ligamenti za mtu mwenyewe, umetokana na kazi ya daktari wa Sweden Lennart Broström katika miaka ya 1960, na kwa mtu anayeuhitaji matokeo yake ni mazuri. Anayeuhitaji ni yule aliyefanya mazoezi ya kweli kwa miezi 3 hadi 6 na bado kifundo kinamtoka hata akitembea barabara iliyonyooka, na daktari akikishika anakikuta kimelegea waziwazi kuliko cha pili. Wewe hujayafanya mazoezi hayo hata wiki moja. Na hata ungepasuliwa kesho, baada ya nyuzi kutolewa ungeletwa kwangu kufanya yaleyale ninayokwenda kukueleza.

Nianze na yanayohusu kukunja kifundo. Simama uso kwa ukuta bila viatu, wayo wa kulia mbele. Peleka goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Likigusa, rudisha wayo nyuma kidogo, jaribu tena, hadi ufike mwisho wa uwezo. Pima kwa rula umbali kutoka kidole gumba hadi ukutani. Fanya vivyo hivyo kwa mguu wa kushoto. Baada ya kuteguka mara 3 sitashangaa tofauti ikiwa sentimeta 4 au 5. Lengo ni isizidi 2. Kipimo hicho ndicho zoezi lenyewe: mara 10, raundi 3, kila siku. Kifundo kisichokunjika vizuri hushuka ngazi kwa shida, na nadhani sehemu ya kushika ukuta kwako inatoka hapa.

Nguvu nayo. Panda juu ya vidole kwa miguu yote miwili, shuka polepole ukihesabu hadi 3, raundi 3 za mara 15. Ikiwa rahisi, panda kwa miwili ushuke kwa mmoja. Kisha kwa mmoja pekee. Nataka mguu wa kulia ufikie idadi ileile ya kushoto, na kwa mchezaji ningependa zisipungue 20. Kwa misuli ya upande wa nje, kaa chini, funga kamba ya mpira kwenye mguu wa meza na uipitishe kwenye wayo, kisha sukuma wayo kwenda nje bila goti kusogea. Hata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kinatosha. Wengi hudanganya hapa kwa kugeuza goti zima. Weka mkono juu ya goti ulitulize.

Kusimama bila kuyumba ndiyo roho ya kazi yote, na hapa nakuomba usifanye haraka. Simama kwa mguu wa kulia, peku, karibu na sinki ili uwe na pa kushika. Goti lilegee kidogo, lisifungwe. Sikiliza uzito wako uko wapi: ugawanye kisigino, msingi wa kidole gumba na msingi wa kidole kidogo. Sekunde 30, pumzika, rudia mara 4 au 5. Wiki ya kwanza inatosha hiyo. Ikiwa nyepesi, geuza kichwa kulia na kushoto ukiwa umesimama hivyo. Kisha rusha mpira ukutani na kuudaka. Kisha simama juu ya mto uliokunjwa. Kufumba macho weka mwisho, na uwe na kitu cha kushika. Mguu utatetemeka. Mtetemeko huo usikukatishe tamaa, ndio ubongo na mguu vinazungumza tena. Nimeona watu wakiacha siku ya tatu kwa sababu waliona aibu kuyumba mbele ya watoto wao. Waache wakucheke, na wao wajaribu.

Ushahidi wa mazoezi haya si wa kubahatisha. Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio la wanamichezo 522 waliokuwa wametoka kuteguka. Nusu waliendelea na tiba yao ya kawaida. Nusu waliongezewa mazoezi ya nyumbani ya kusimama bila kuyumba, mara 3 kwa wiki, yasiyozidi dakika 30, kwa wiki 8. Ndani ya mwaka uliofuata, asilimia 33 ya kundi la kwanza waliteguka tena. Kundi la mazoezi, asilimia 22. Ni tofauti kubwa kwa kazi ya peku sebuleni, lakini angalia pia kwamba hata wenye mazoezi si wote walinusurika. Siwezi kukuahidi kwamba hutateguka tena. Naweza kukuahidi kwamba unaipunguza hatari kwa mikono yako mwenyewe.

Ndiyo maana naongeza kishikizo cha kifundo, kile kigumu chenye kamba za kufunga kama kiatu. Hakifanani na bandeji yako. Jaribio jingine la Uholanzi, la mwaka 2014, lililinganisha kishikizo na mazoezi, na kwa kuzuia kuteguka upya mwaka huo wa kwanza kishikizo kilifanya vizuri zaidi. Kuna wanaosema kinadhoofisha misuli. Ukikivaa uwanjani tu na kukivua ukitoka, hofu hiyo haina msingi. Kivae kila unapocheza kwa miezi 12 ijayo. Plasta ya michezo nayo inafaa ikifungwa na anayejua, ila hulegea mchezo ukiendelea na inataka kununuliwa kila mara. Ningekuwa wewe ningechukua vyote viwili, mazoezi na kishikizo, kwa sababu kishikizo hakikufundishi kutua na mazoezi hayakushiki siku unapomkanyaga mtu.

Maumivu kiasi gani ni halali? Ukiyapa alama kutoka 0 hadi 10, hadi 3 wakati wa zoezi hayana neno. Kinachoamua ni asubuhi ya pili. Ukiamka kifundo kimevimba kuliko jana au kimekakamaa, ulizidisha. Punguza raundi, usiache. Kwa vidonge, parasetamoli kwa kipimo chake inatosha wengi. Dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki zinafaa kwa siku chache, lakini mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo, presha au mwenye ujauzito asizimeze bila kumwuliza daktari. Na usimeze dawa ili ufanye mazoezi bila kusikia kitu. Unahitaji kusikia.

Uwanja je? Mke wako anaogopa kwa sababu amekuona ukirudi unachechemea mara 3, na ana haki. Mwonyeshe mpango huu. Sikuambii uache mpira. Nakuambia usirudi kwa kalenda. Rudi kwa vipimo. Goti likigusa ukuta karibu sawa na la kushoto, visigino vikipanda idadi sawa, ukisimama sekunde 30 kwenye mto bila kushika, anza kuruka: kwa miguu miwili papo hapo, kisha mbele, kisha kando, kisha kwa mguu mmoja. Sikiliza mlio wa kutua. Mtuo mzuri ni mkimya, goti na nyonga vimekunjika. Kisha kimbia mstari ulionyooka, kisha kata kona, kisha cheza na mpira peke yako, kisha fanya mazoezi na wenzako bila kugongana. Mechi ndiyo ya mwisho. Kwa hali uliyoeleza nakisia wiki 6 hadi 10 kutoka leo, ila vipimo vikisema bado, ni bado. Mpira wa kichwa uache uwe kitu cha mwisho kabisa kurudi.

Sasa kuhusu eksirei, na lini uende ukaonwe. Kuna kanuni zilizotengenezwa Ottawa, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1992, ambazo hutusaidia kujua nani anahitaji picha: aliyeshindwa kupiga hatua 4 tangu kuumia hadi anapochunguzwa, au anayeumia mfupa wenyewe ukibonyezwa kwenye sentimeta 6 za mwisho nyuma ya nundu yoyote kati ya zile mbili za kifundo, ya nje na ya ndani, au kwenye ncha zake, au kwenye msingi wa mfupa wa kidole kidogo katikati ya ukingo wa nje wa wayo, au kwenye mfupa ulio juu ya tao la ndani la wayo. Mwenye kisukari kilichoua hisia za miguu asizitegemee. Wewe picha umepigwa na ni nzuri. Lakini eksirei haionyeshi ligamenti wala gegedu, kwa hiyo "mfupa mzima" haimalizi habari.

Mwone mtaalamu ana kwa ana ukiona haya: maumivu yaliyo ndani kabisa ya kiungo yasiyopungua ifikapo wiki ya 6, au kifundo kinachokwama kama kuna changarawe, maana gegedu la mfupa wa juu wa wayo linaweza kuwa limeumia na hapo kipimo cha MRI, picha ya sumaku inayoonyesha hata tishu laini, kina maana. Maumivu yakiwa juu ya kifundo, katikati ya mifupa miwili ya mguu, hasa ukiubinya muundi kutoka pande zote mbili, hiyo ni aina nyingine ya kuteguka, inachukua muda mrefu zaidi, na usiruke mpaka ichunguzwe. Kano ikiwa inaruka na kurudi nyuma ya nundu ya nje, nenda. Ukishindwa kabisa kupanda juu ya vidole, na ulisikia kama umepigwa teke nyuma ya kisigino, nenda leo. Na shavu la mguu likivimba, likawa na joto na kuuma hata ukiwa umekaa, usingoje siku ya pili, huenda ni damu iliyoganda. Ikiambatana na kubanwa pumzi au kifua kuuma, ni hospitali mara moja.

Hata kama hakuna hata moja kati ya hayo, nakushauri ukutane na mtaalamu wa fiziotherapia mara 2 au 3. Kuna kitu siwezi kukifanya kwa maandishi: kukishika kifundo chako, kukilinganisha na cha pili, na kuona unavyotua. Ukifika, mwombe akuone peku na akupe mazoezi ya kwenda nayo nyumbani.

Usiku wa leo pima vitu 3 na uviandike, kulia na kushoto: sentimeta za goti na ukuta, idadi ya kupanda kisigino kwa mguu mmoja (kama wa kulia bado unauma zaidi ya 3, andika sifuri, si aibu), na sekunde za kusimama macho wazi. Pima tena baada ya wiki 4. Ukiniandikia tena, nitumie namba hizo zote mbili, za leo na za siku hiyo, na tutajua kama ni wakati wa kuanza kuruka.